Mfuko unaopunguza hatari wenyewe: jinsi ya kuusoma, na jinsi ya kuujenga ukiwa Nairobi

Mzazi ambaye mtoto wake yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ana takriban miaka 14 kabla ya karo ya kwanza ya chuo kikuu. Jirani yake ana ploti Kitengela na anataka kuchimba msingi mwaka ujao. Jijini Nairobi wawili hawa mara nyingi huweka akiba mahali pamoja, kwenye mfuko wa soko la fedha, ile MMF inayohesabu riba kila siku na ambayo salio lake unaliona kwenye simu. Jirani amefanya vyema. Mzazi amejipunja, kwa sababu pesa ambazo hazitaguswa kwa miaka 14 amezipa kazi ya pesa za kesho kutwa. Kosa la upande wa pili lipo pia, na huumiza zaidi: mtu anayeweka karo ya Januari kwenye hisa mwezi wa Septemba kwa sababu soko limepanda.

Mifuko ya lengo yenye tarehe ilibuniwa kwa ajili ya makosa haya mawili. Unachagua mwaka utakaohitaji pesa, tuseme 2040, kisha unachangia. Ndani ya mfuko huo mna hisa, hati fungani (mikopo ya miaka kadhaa kwa serikali au kampuni) na pesa za karibu kama amana za benki na hati za hazina, yaani mikopo mifupi kwa serikali. Mwanzoni hisa ndizo nyingi. Kila mwaka meneja hupunguza hisa na kuongeza hati fungani, halafu hupunguza hati fungani ndefu na kuongeza pesa za karibu, kwa ratiba iliyoandikwa kabla mfuko haujaanza kuuzwa. Ratiba hiyo tuiite mteremko. Wewe hufanyi lolote isipokuwa kuendelea kuchangia.

Wazo lenyewe lilianza Marekani mwaka 1994, Wells Fargo ilipozindua mifuko ya kwanza ya aina hii. Sheria ya pensheni ya huko ya mwaka 2006 iliwafungulia waajiri njia ya kuwaingiza wafanyakazi moja kwa moja kwenye mifuko hiyo, na tangu hapo imekuwa njia ya kawaida kabisa ya kuweka akiba ya uzeeni. Kwetu, mifuko ya pamoja inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, imegawanywa kwa kile inachonunua: soko la fedha, mapato ya kudumu (yaani hati fungani), mseto, hisa, mifuko ya dola, na ile inayoitwa maalum. Mfuko wa mseto ndio unaofanana zaidi na tunachozungumzia, lakini hauteremki. Leo unaweza kuwa na hisa asilimia 50, na miaka kumi baadaye ukawa na asilimia 50 ileile, hata kama mtoto anaripoti chuoni wiki ijayo. Nchini Tanzania, UTT AMIS, kampuni ya umma inayosimamia mifuko ya pamoja, ina Mfuko wa Watoto uliokusudiwa mahususi kuwawekea watoto akiba. Huo una jina la lengo, na jina la lengo ni jambo zuri kwa nidhamu ya mchangiaji, ila halikuambii kama hatari inapungua tarehe inapokaribia. Ukikutana na mfuko wa “elimu” au wa “kustaafu”, swali la kwanza ni hilo: ratiba ya kupunguza hisa iko wapi?

Sababu inayotajwa sana ya kushika hisa mapema ni kwamba muda huponya. Soko likianguka ukiwa na miaka 14 mbele, litapanda tena. Kuna ukweli humo, lakini mwekezaji wa Nairobi hapaswi kuumeza wote. Kipimo cha NSE 20, kinachofuata bei za kampuni 20 za Soko la Hisa la Nairobi (NSE), kilivuka 6,000 Januari 2007. Kufikia Machi 2009 kilikuwa chini ya 2,500, na mwisho wa 2023 kilikuwa karibu 1,500. Hiyo ni bila kuhesabu gawio, ambalo kampuni kadhaa zimeendelea kulipa vizuri, lakini bado ni karibu miaka 17 ambayo haikuponya bei. Safaricom iliuzwa kwa umma kwa Sh5 mwaka 2008, ikashuka chini ya Sh3 mwaka uliofuata, ikapita Sh40 mwaka 2021, ikarudi chini ya Sh15 mwaka 2023. Aliyehitaji karo mwaka 2021 na aliyeihitaji 2023 walishika hisa ileile, wakapata maisha tofauti.

Sababu yenye nguvu zaidi ni ya hesabu, na haitegemei imani yoyote kuhusu soko. Tuseme unachangia Sh8,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka wa kwanza una karibu Sh100,000. Ukiwa na asilimia 80 kwenye hisa na hisa zikaanguka asilimia 30, umepoteza Sh24,000, yaani michango ya miezi mitatu. Inauma, lakini kufikia Aprili umeirudisha. Sasa peleka anguko hilohilo kwenye mwaka wa 13, mfuko ukiwa na Sh2 milioni. Hasara ni Sh480,000. Hiyo ni michango ya miezi 60, na umebakiza miezi 12. Kama wakati huo ungekuwa umeshuka hadi asilimia 20 ya hisa, hasara ingekuwa Sh120,000. Ungekopa kidogo, ungeuza kitu, mambo yangeenda. Mteremko upo kwa sababu hii. Mwanzoni mali yako kubwa ni michango ambayo bado hujaitoa, na hiyo soko haliwezi kuigusa. Mwishoni karibu mali yote tayari imo ndani.

Kwa hiyo ukisoma waraka wa mfuko wowote unaodai kuteremka, pita kurasa za picha za familia zenye furaha na utafute mambo manne: unaanzia asilimia ngapi ya hisa, unaanza kushuka ukibakiza miaka mingapi, unashuka kwa kasi gani, na siku yenyewe ya tarehe unabaki na asilimia ngapi. Hilo la mwisho ndilo watu hawaliulizi, na ndilo lililowaumiza Wamarekani mwaka 2008. Mifuko iliyoandikwa 2010, ambayo wenyewe walikuwa wamebakiza miaka miwili wastaafu, ilipoteza kwa wastani karibu robo ya thamani yake mwaka huo mmoja. Ipo iliyopoteza kidogo sana, na ipo iliyopoteza zaidi ya asilimia 40. Tarehe ilikuwa ileile, ila miteremko ilikuwa tofauti. Baadhi ya mameneja waliichukulia tarehe kuwa siku ya kutoa pesa zote, wengine waliichukulia kuwa katikati ya safari, kwa hoja kwamba mstaafu ataishi miaka 20 zaidi na hisa bado zinamfaa. Hoja hiyo inafaa kwa pensheni. Kwa karo haifai hata kidogo, kwa sababu chuo hakingoji soko lipande.

Kuna jambo la pili ambalo hata maelezo mazuri huliruka. Wengi hudhani kuteremka ni kutoka kwenye hisa kwenda kwenye hati fungani za serikali, na kazi imeisha. Serikali italipa, hatari iko wapi? Iko kwenye muda. Chukua hati fungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12. Soko likianza kudai asilimia 17, hakuna atakayeinunua yako kwa bei kamili. Itashuka hadi karibu Sh77 kwa kila Sh100. Hati ya mwaka mmoja yenye riba ileile ingeshuka hadi karibu Sh96 tu. Haya si mambo ya kufikirika. Riba za serikali ya Kenya zilipanda kwa kasi mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kipindi ambacho nchi ilikuwa ikihangaikia deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni 2024. Februari mwaka huo hati fungani ya miundombinu ya miaka 8.5 ilitolewa kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Aliyekuwa ameshika hati ndefu ya zamani na akalazimika kuuza wiki hiyo aliumia vibaya, ingawa serikali haikuwahi kukosa kumlipa riba yake. Marekani iliyaona hayohayo mwaka 2022, hisa na hati fungani zilipoanguka pamoja, na mifuko iliyokuwa karibu na tarehe ikashuka ilhali wenyewe walidhani wamefika salama.

Mteremko kamili basi una hatua mbili: hisa zipungue, na hati fungani zilizobaki ziwe fupi kadiri tarehe inavyokaribia. Ukibakiza miaka mitatu, hati inayoiva baada ya miaka 15 haina kazi kwako, hata kama riba yake inavutia.

Hati ndefu nazo zina heshima yake zikiwekwa mahali pake. Riba ya hati ya hazina ya siku 91 ilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu asilimia 8. Riba za MMF zilifuata mkondo huo. Mzazi aliyejihisi salama kwenye MMF aliona mapato yake yakipungua sana bila yeye kufanya kosa lolote, huku aliyefunga asilimia 18.46 kwa miaka 8.5 akiendelea kuipokea. Kwa lengo la mbali, kutojua utalipwa riba gani miaka kumi ijayo ni hatari pia. Haionekani kwenye simu kwa sababu salio halishuki, na hilo ndilo linaloifanya idumu.

Tukija kwenye lengo lenyewe, hesabu ianze na gharama ya leo. Tuseme chuo kitagharimu Sh250,000 kwa mwaka kwa bei za sasa, karo na malazi, kwa miaka minne: Sh1 milioni. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 14 kiasi hicho ni takriban Sh2.26 milioni. Ukipata faida ya asilimia 9 kwa mwaka baada ya ada na kodi, utahitaji kuchangia karibu Sh6,760 kwa mwezi. Ukipata asilimia 6, utahitaji karibu Sh8,620. Zingatia neno “baada ya”. Viwango vya MMF vinavyochapishwa magazetini kwa kawaida tayari vimeondolewa ada ya usimamizi, lakini kodi ya zuio ya asilimia 15 bado haijakatwa. Asilimia 10 ya kwenye tangazo ni 8.5 mfukoni. Gawio la hisa kwa mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa NSE haikatwi kodi ya ongezeko la mtaji, na riba ya hati fungani za miundombinu husamehewa. Kwa hiyo ukilinganisha vitu hivi, vilinganishe baada ya kodi, la sivyo MMF itaonekana bora kuliko ilivyo.

Ada nazo zinastahili kuangaliwa kwa jicho kali kuliko zinavyoangaliwa. Sh8,000 kwa mwezi kwa miaka 14, kwa faida ya asilimia 10, hufika takriban Sh2.91 milioni. Kwa asilimia 8, hufika takriban Sh2.46 milioni. Ada ya asilimia 2 kwa mwaka, ambayo kwenye karatasi huonekana ndogo, imekula karibu Sh446,000. Hiyo ni karibu asilimia 80 ya gharama ya mwaka mmoja wa chuo kwa bei za wakati huo. Mfuko unaojiteremsha mara nyingi hununua vipande, yaani sehemu za umiliki, vya mifuko mingine ya kampuni ileile. Uliza kama ada inatozwa mara moja au mara mbili. Uliza pia ada ya kuingia, ambayo MMF haina lakini baadhi ya mifuko ya hisa inayo, na ada ya kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Kwa sababu hutaupata mfuko wenye tarehe kwa urahisi kwenye rafu za Nairobi, njia iliyo wazi ni kuujenga kwa mifuko ya kawaida. Unahitaji mifuko mitatu tu, na ni vyema yote iwe ya kampuni moja ili kuhama kusichukue wiki: mfuko wa hisa, mfuko wa mapato ya kudumu, na mfuko wa soko la fedha. Kabla ya kutuma shilingi, fungua tovuti ya CMA uangalie kama kampuni hiyo na mfuko huo vimo kwenye orodha ya waliopewa leseni. Kisha angalia mdhamini ni nani na benki inayotunza mali ni ipi. Meneja wa mfuko hapaswi kushika pesa zako. Yeye hutoa maagizo, benki mtunzaji hushika mali, mdhamini husimamia maslahi ya wachangiaji. Ukiombwa kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu badala ya nambari ya malipo ya mfuko wenyewe, acha hapo hapo.

Mteremko unaofaa lengo la karo, kwa soko letu, unaweza kuwa hivi. Ukiwa na miaka 10 au zaidi mbele: hisa asilimia 60, mapato ya kudumu 30, soko la fedha 10. Kuanzia hapo hisa zinapungua alama 7 kila mwaka: ukibakiza miaka 9 ziwe 53, miaka 8 ziwe 46, kisha 39, 32, na ukibakiza miaka 5 ziwe 25. Wakati huo mapato ya kudumu yawe yamepanda hadi 45 na soko la fedha 30. Kisha 18, kisha 11, na ukibakiza miaka miwili hisa ziwe sifuri, mapato ya kudumu 20, soko la fedha 80. Mwaka wa mwisho kila kitu kiwe kwenye soko la fedha, au kwenye hati za hazina zinazoiva kabla ya Agosti, mwezi ambao vyuo hudai malipo. Hati hizo hununuliwa moja kwa moja Benki Kuu kupitia DhowCSD, mfumo wake wa mtandaoni, kuanzia Sh50,000.

Mifuko ya Marekani huanza na hisa asilimia 90, na mtu anaweza kuuliza kwa nini sisi tuishie 60. Mfuko wa kule hugawa pesa kwenye maelfu ya kampuni za nchi nyingi. NSE ina kampuni zipatazo 60 tu, nyingine hupitisha siku nzima bila kuuza hisa nyingi, na Safaricom peke yake hubeba sehemu kubwa ya thamani ya soko zima. Mfuko wa hisa wa Nairobi, hata ukisimamiwa kwa ustadi, ni dau juu ya Safaricom na benki chache kubwa. Kuiga nambari za kigeni bila kuangalia soko lililo nyuma yake ni kosa ambalo tungependa lisifike hapa pamoja na bidhaa.

Mabadiliko ya kila mwaka yafanye kwa michango mipya kwanza, kisha kwa kuuza. Tuseme umebakiza miaka 7, mfuko una Sh1,000,000, na hisa ni asilimia 39, yaani Sh390,000. Mwaka ujao unataka asilimia 32, na utachangia Sh96,000. Tuache faida kando ili hesabu ionekane. Ukiendelea kugawa michango kwa uwiano wa zamani, hisa zitafika Sh427,440 na utalazimika kuuza za karibu Sh76,700. Ukielekeza michango yote ya mwaka huo nje ya hisa, utauza za karibu Sh39,300 tu. Nusu ya mauzo imeondoka, pamoja na ada zake.

Na hapa ndipo ubora wa kufuata asilimia unapoonekana. Tuseme mwaka huohuo hisa zimeanguka asilimia 30 kabla hujafika siku ya kurekebisha. Zile Sh390,000 sasa ni Sh273,000, na mfuko mzima ni Sh883,000. Ukiongeza michango, jumla ni Sh979,000, na asilimia 32 yake ni karibu Sh313,300. Kanuni haikuambii uuze. Inakuambia ununue hisa za takriban Sh40,000, wakati zikiwa rahisi. Mtu asiye na kanuni wiki hiyo angekuwa anauza zote kwa hofu. Soko likipanda sana, kanuni ileile inakuambia uuze zaidi ya ulivyopanga, wakati ambao kila mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema usiuze. Kwa maoni yetu, thamani kubwa ya kurekebisha hatari kwa ratiba ni hii: uamuzi unafanywa siku ambayo huna hofu wala tamaa, kisha unafuatwa siku ambazo unavyo vyote viwili.

Chagua mwezi mmoja wa kurekebisha na uuandike. Januari haifai kwa Mkenya. Karo na madeni ya Krismasi yatakushawishi “kuazima” kutoka mfuko. Julai inafaa zaidi. Ukiogopa kuuza zote siku mbaya, gawa mauzo katika robo nne za mwaka. Zaidi ya hapo usiguse.

Karo pia haidaiwi siku moja. Mwanafunzi wa miaka minne ana tarehe nne, mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza unapofika, pesa za mwaka wa nne bado zina miaka mitatu mbele, na hakuna sababu ya kuzilaza zote pamoja. Weka ratiba kwa kila fungu. Fungu la mwaka wa nne litakuwa bado na asilimia 11 ya hisa siku mtoto anaporipoti, na hilo ni sawa kabisa. Ukiona kazi ni nyingi, hesabu tarehe kutoka mwaka wa kwanza kwa mafungu yote. Utapoteza faida kidogo, utapata usingizi.

Lengo likiwa la dola, kwa mfano chuo cha nje, mteremko wa shilingi haukulindi. Dola ilikuwa karibu Sh113 mwanzoni mwa 2022, ikafika karibu Sh160 Januari 2024, kisha ikarudi hadi karibu Sh130 miezi michache baadaye. Sehemu ya mwisho ya safari, miaka mitatu hivi, iwe kwenye mfuko wa soko la fedha wa dola, na ihamishwe kidogo kidogo. Kubadilisha pesa zote kwa siku moja ni kamari, hata kama ni ya kuelekea mahali salama.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi ni kwenye kilichomo ndani ya mfuko, wala si kwenye ratiba. Mfuko wa mapato ya kudumu unaweza kushika hati za kampuni ili kuongeza riba. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyokwama, Oktoba 2015, muda mfupi kabla hati fungani yake ya Sh2 bilioni kuanza kuuzwa NSE. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipoporomoka, waliokuwa wameshika hati zake za muda mfupi walikwama. Kwenye ripoti ya mwezi ya mfuko tafuta asilimia iliyo kwenye hati za kampuni na kwa kampuni zipi. Mfuko unaolipa alama tatu juu ya wenzake umezipata mahali fulani. Kama ripoti haisemi ni wapi, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka. Bima ya amana ya KDIC, ambayo hulinda hadi Sh500,000 kwa kila mwenye akaunti katika benki, haifiki kwenye vipande vyako vya mfuko.

Uliza pia mfuko unathamini hati fungani zake kwa bei ya soko au kwa bei ya kununulia. Mfuko ukitumia bei ya kununulia, thamani ya kipande haitashuka riba zikipanda, na utajiona salama. Lakini wengine wakitoka mapema kwa bei hiyo ya juu, hasara iliyofichwa inabaki kwa waliochelewa.

Maneno kama “hisa kati ya asilimia 0 na 80 kwa uamuzi wa meneja” si mteremko. Ni ruhusa. Huenda meneja ni hodari, lakini hapo unamnunua yeye, hununui ratiba, na akihama kampuni umebaki na nini?

Maisha nayo hubadilisha tarehe. Ukipoteza kazi ukiwa umebakiza miaka 8 na hisa asilimia 46, mfuko wa karo ndio utakaotazamwa kwanza. Ndiyo maana akiba ya dharura, matumizi ya miezi mitatu hadi sita kwenye MMF, inatangulia haya yote na iwe kwenye akaunti tofauti. Lengo likisogezwa mbele au nyuma, badilisha tarehe kwenye ratiba siku hiyohiyo na uhesabu asilimia upya. Mfuko ulioandikwa 2040 hauwezi kujua kwamba mtoto ameruka darasa au ameamua kwenda chuo cha ufundi miaka miwili mapema.

Kwa lengo la kustaafu, anza kwanza na mpango wa pensheni uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia pensheni, kwa sababu michango ya hadi Sh30,000 kwa mwezi huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi tangu Desemba 2024. Hakuna mfuko wa kawaida wa pamoja unaokupa hilo.

Mwaka wa mwisho una kazi ndogo za ofisini ambazo huchelewesha watu. Miezi mitatu kabla ya karo, omba utoaji mdogo wa majaribio ili ujue kama akaunti ya benki iliyosajiliwa bado inafanya kazi na jina linalingana na la kitambulisho. Kama ulifungua akaunti kwa jina la mtoto, akitimiza miaka 18 utahitaji kitambulisho chake na PIN yake ya KRA, na vyote huchukua muda. Utoaji kutoka MMF kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne za kazi, na mfuko wa hisa huweza kuchukua zaidi, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kulipa, ukiruka wikendi na sikukuu.